Muflisi Hupiga Kura, Hapigiwi
Hotuba kwa wafanyabiashara na wanaonuia kugombea uongozi, Mombasa

Wazee wetu, masheikh na wachungaji, wenyeviti wa masoko, mabibi na mabwana: assalamu alaykum, na habari za jioni.

Naanza na Katiba, kwa kuwa maneno yake yamepindwa sana huku mitaani. Utasikia barazani mtu akiambiwa, "Wewe una deni la benki, huwezi kusimama." Mwingine ameandikwa CRB, ile orodha ya wasiolipa mikopo, kwa mkopo wa simu, naye amekwisha kata tamaa ya kugombea wadi. Yote mawili si kweli. Ibara ya 99(2)(f) humzuia kuwa mbunge au seneta mtu ambaye ni muflisi na bado hajaachiliwa, yaani sheria bado haijamwondolea hali hiyo. Ibara ya 193(2)(e) husema hivyo hivyo kwa mwakilishi wadi. Ibara ya 180 humtaka gavana awe na sifa za mwakilishi wadi, na Ibara ya 137 humtaka rais awe na sifa za mbunge. Kwa hiyo neno hilo moja linapanda ngazi kutoka wadi ya Tononoka mpaka Ikulu.

Muflisi, kwa sheria, ni mtu ambaye mahakama imetoa amri ya kufilisika juu yake. Bila amri hiyo, hata madeni yako yakijaa daftari zima, wewe ni mdaiwa tu. Kuandikwa CRB ni kumbukumbu ya wakopeshaji. Nyumba kupigwa mnada na dalali wa benki ni namna ya benki kushika dhamana yake. Hata kupelekwa jela ya madai, ambayo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai bado inairuhusu kwa masharti, hakumfanyi mtu kuwa muflisi. Mambo haya yanauma na yanaaibisha, lakini hayamo katika Ibara ya 99 wala ya 193.

Na tazameni jambo hili. Ibara ya 83, inayotaja nani anaweza kuandikishwa kupiga kura, haimtaji muflisi kabisa. Anaruhusiwa kuchagua, haruhusiwi kuchaguliwa. Aliye tayari kwenye kiti naye hana usalama: Ibara ya 103 kwa wabunge na 194 kwa wawakilishi wadi zinasema kiti kinabaki wazi mwenye nacho akifilisika. Kwa jaji, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na kwa makamishna wa tume huru, kufilisika ni mojawapo ya sababu za kuondolewa kazini. Kinga iliyopo ni moja, nayo ni kubwa: kizuizi hakishiki mpaka njia zote za rufaa au mapitio ya uamuzi ziishe.

Neno lenyewe, muflisi, tumelipata kwa Kiarabu, ndugu ya neno fulusi. Ni mtu aliyeishiwa na fulusi, basi. Sisi ndio tuliolipa uzito wa kumwona mtu kama aliyekufa akiwa hai. Mtu akifilisika, anaacha kupita njia ya msikitini aliyoizoea, posa za binti zake zinapungua, na jina lake linatajwa kwa sauti ya chini. Ilhali mafundisho tuliyokulia nayo hayakuwa makali hivyo. Wanaoswali wanaijua aya ya 280 ya Sura ya Baqara: mdaiwa akiwa katika dhiki, apewe muda mpaka afarijike. Wanajua pia kwamba waliolemewa na madeni ni fungu moja katika mafungu 8 ya wanaostahiki zaka. Na mafakihi walitenganisha tangu zamani watu wawili ambao sisi tunawachanganya: aliyeshindwa kulipa kwa kuwa hana, na mwenye uwezo anayezungusha wadai wake. Huyo wa pili ndiye aliyeitwa dhalimu.

Huo ndio msingi wa maneno yangu yote jioni hii. Swali la kumuuliza mtu anayetaka uongozi ni namna alivyofilisika. Kujua tu kwamba alifilisika hakutuambii mengi.

Hapa kwetu sababu zinajulikana. Mizigo ya bandari ilipoanza kupanda reli ya SGR mwaka 2018, wenye malori, mafundi wa gereji na mama wa vibanda vya chakula kutoka Changamwe mpaka Mariakani walipungukiwa na riziki. Machi 2020 korona ikaingia, hoteli za Pwani zikafunga milango, na aliyekuwa ameziuzia samaki, mboga au huduma ya teksi kwa mkopo akabaki na ankara zisizolipwa. Mtu wa namna hii hakuiba. Alikopa kwa hesabu nzuri, hesabu ikavunjwa na jambo asiloliweza. Kumweka fungu moja na aliyekusanya pesa za chama akazihamishia kwa jamaa zake ni kukosea haki, na pia ni kujinyima kiongozi anayejua biashara inavyoanguka.

Kanuni yetu ya Katiba ina asili yake Uingereza. Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1883, katika kifungu cha 32, ilimzuia muflisi kukaa Bungeni, kuwa hakimu wa amani, meya au diwani. Lakini watu husahau kuwa sheria hiyo hiyo iliacha mlango: mahakama ikimwachilia muflisi na kumpa cheti kwamba alifilisika kwa bahati mbaya bila utovu wowote, kizuizi kinaondoka. Yaani hata wakati ule swali la namna alivyofilisika lilikuwa limekwisha ulizwa. Waingereza wakalirudia kwa nguvu zaidi katika Sheria ya Biashara ya mwaka 2002. Tangu hapo, kwa England na Wales, kufilisika peke yake hakumzuii mtu kuwa mbunge. Anayezuiwa ni yule aliyewekewa amri maalumu ya vikwazo kwa sababu ya mwenendo mbaya: alificha mali, alikopa akijua hatalipa, hakuweka hesabu. Amri hiyo hudumu kati ya miaka 2 na 15. Aliyeanguka kwa uaminifu huachiliwa kwa kawaida baada ya mwaka 1.

Marekani wao hawakuweka kizuizi hicho katika Katiba yao tangu mwanzo, wakaliacha jambo mikononi mwa mpiga kura. William McKinley alikuwa gavana wa Ohio mwaka 1893 alipotumbukia katika madeni makubwa kwa kumdhamini rafiki yake aliyeanguka. Marafiki wakachanga, deni likalipwa, na mwaka 1896 wananchi wakamchagua rais. Walijua yote.

Sisi tuko katikati ya safari. Sheria yetu ya zamani ya ufilisi, Sura ya 53 ya Sheria za Kenya, ilimfanya muflisi abaki muflisi mpaka yeye mwenyewe aende mahakamani kuomba kuachiliwa, na wengi walikaa humo miaka na miaka kwa kukosa pesa ya wakili. Sheria ya Ufilisi Na. 18 ya mwaka 2015 ikaifuta na kuleta mtazamo mpya: aliyefilisika apewe muda, asaidiwe kujipanga, arudi sokoni. Mtazamo umebadilika katika sheria ya kawaida, lakini mstari wa Katiba ya 2010 umebaki wa zamani. Kwa hiyo mwenye ndoto ya uongozi lazima ajue mtambo huu unavyofanya kazi, hatua kwa hatua.

Mdai huanza kwa hati ya madai iliyoandikwa kwa fomu ya kanuni. Barua ya wakili yenye maneno makali siyo hati hiyo, wala ujumbe wa WhatsApp. Deni lazima lifike kiwango kilichowekwa na Kanuni za Ufilisi za 2016, nacho ni shilingi 250,000. Kiasi hicho ni kidogo. Ni mtaji wa duka la wastani pale Kongowea, au bei ya tuktuk iliyotumika. Ukishapokea hati, una siku 21. Ndani ya siku hizo unaweza kulipa, unaweza kukubaliana na mdai juu ya malipo au dhamana, au unaweza kuiomba mahakama itupilie mbali hati yenyewe. Mahakama hulikubali ombi hilo ikiwa deni lina mgogoro wa kweli, au wewe nawe unamdai mtu huyo kiasi kinachofikia au kupita deni lake, au anashikilia dhamana, tuseme hatimiliki ya kiwanja chako cha Mtwapa, ambayo thamani yake inatosha.

Kinachowaangusha watu wengi hapa ni kimya. Mtu anapokea karatasi, anaikunja, anaiweka kabatini, anasema huyu ni jamaa yangu, tutaongea. Siku 21 zikipita bila jibu, kimya chako ndicho kinachotumika kama ushahidi kwamba huwezi kulipa, na mdai anakwenda mahakamani kuomba amri ya kufilisika. Kosa la pili ni kulipa kwa mkono bila risiti. Umelipa nusu, deni limeshuka chini ya 250,000, lakini huna kitu cha kumwonyesha jaji. Pesa ya M-Pesa ina ushahidi wake. Noti za mkononi zataka karatasi iliyotiwa sahihi.

Mdaiwa pia anaweza kujipeleka mwenyewe kuomba amri hiyo, akieleza hali yake ya fedha. Si jambo la kuonea haya, na mara nyingine ndiyo njia ya kuwazuia wadai wengi wasikurarue kila mmoja upande wake.

Amri ikitoka, mali yako hupita kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mali za waliofilisika, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, ile tunayoiita BRS, au kwa msimamizi aliyeteuliwa. Vifaa vya kazi na vitu vya lazima vya nyumbani huachwa kwa kiasi. Safari ya nje ya nchi huhitaji ruhusa. Na unatakiwa kuwasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha: unadaiwa na nani, kiasi gani, una nini, unapata nini.

Naomba tukae kidogo juu ya taarifa hiyo, kwa maana ndiyo inayoamua kama jina lako litaonekana kwenye karatasi ya kura. Kifungu cha 254 cha Sheria hiyo ya 2015 kinasema muflisi huachiliwa bila kuomba baada ya miaka 3. Wengi husikia "miaka 3" wakadhani inahesabiwa tangu siku ya amri. Hapana. Inahesabiwa tangu siku ulipowasilisha taarifa. Tuchukue wafanyabiashara wawili waliotolewa amri siku moja, Machi 2023. Wa kwanza aliwasilisha taarifa yake Aprili 2023. Miaka 3 yake ilitimia Aprili 2026. Wa pili aliona haya, akahamia kwa dada yake Malindi, akaja kuwasilisha Januari 2025. Yeye atafika Januari 2028, na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Amri ni ile ile, deni pengine ni lile lile, lakini mmoja yuko huru kugombea na mwingine hayuko. Na kwa kuwa siku za kuwasilisha karatasi kwa Tume ya Uchaguzi hutangulia uchaguzi kwa takriban miezi 2, aliyewasilisha taarifa yake baada ya Mei 2024 asitegemee kuachiliwa huko kwa kawaida.

Ana njia nyingine. Anaweza kuiomba mahakama imwachilie mapema, akionyesha kwamba alishirikiana na msimamizi na hakuficha kitu. Anaweza kuomba amri ibatilishwe ikiwa madeni yamelipwa yote, au ikiwa haikupaswa kutolewa. Kwa upande wa pili, msimamizi au mdai anaweza kupinga kuachiliwa. Pingamizi likiingia, miaka 3 haikusaidii tena yenyewe, lazima usimame mbele ya jaji na kuhojiwa. Kinacholeta pingamizi mara nyingi ni mali iliyofichwa: gari lililoandikwa kwa jina la shemeji, kodi ya nyumba ya Likoni ambayo haikutajwa. Na deni lililotokana na udanganyifu halifutwi hata baada ya kuachiliwa.

Ziko pia njia za kutofika huko kabisa, na nasikitika kwamba hazijulikani. Sheria ya 2015 inamruhusu mdaiwa kufanya mapatano ya hiari na wadai wake chini ya ulinzi wa mahakama. Inaruhusu amri ya kulipa kwa awamu. Na kwa asiye na mali yoyote ya kuuzwa, ambaye madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala hayazidi milioni 4, upo utaratibu wa wasio na mali: huomba kwa Mpokezi Rasmi, akikubaliwa wadai husimamishwa, na baada ya miezi 12 huachiliwa. Aliyepita njia hizi hakutolewa amri ya kufilisika, kwa hiyo maneno ya Ibara ya 99 na 193 hayamgusi. Kijana wa Kisauni mwenye deni la laki 6 na ndoto ya kuwa mwakilishi wadi angepaswa kuambiwa haya siku ya kwanza, kabla ya kuambiwa "jifiche".

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Sheria hii haiwagusi watu sawasawa. Mwenye kampuni yenye dhima ndogo anaweza kukopa mabilioni, kampuni ikafilisiwa, wafanyakazi wakakosa mishahara, na yeye asiwe muflisi hata dakika moja, kwa sababu aliyekopa ni kampuni. Deni litamfikia yeye tu ikiwa aliweka sahihi ya dhamana ya kibinafsi. Mama anayeuza mitumba kwa jina lake mwenyewe hana ukuta huo. Deni la biashara ni deni lake, na 250,000 zatosha kumfunga nje ya kiti. Matokeo yake ni kwamba kizuizi kilichokusudiwa kulinda mali ya umma kinawanasa wadogo na kuwapita wakubwa.

La pili, amri ya kufilisika ina wakati wake, na wakati huo unaweza kuchaguliwa. Oktoba 2017, Cyrus Jirongo, aliyekuwa mmoja wa wagombea 8 wa urais wa Agosti 8, alitolewa amri ya kufilisika kwa deni la karibu shilingi milioni 700. Jina lake likaondolewa katika marudio ya uchaguzi ya 26 Oktoba. Amri ikasimamishwa na mahakama, jina likarudishwa zikiwa zimebaki siku chache. Sisemi mdai wake hakuwa na haki ya kudai. Nasema nchi nzima ilikaa ikisubiri kesi ya deni ya mtu mmoja ili ijue karatasi ya kura itakuwa na majina mangapi. Singapore jambo hili lilikwenda mbali zaidi: mpinzani J. B. Jeyaretnam alifilisishwa mwaka 2001 kwa kuchelewa kulipa fidia za kesi ya kashfa, akapoteza kiti chake Bungeni, akaachiliwa 2007, na 2008 akafariki.

Wapo watakaosema, na hoja yao nzito: kiongozi mwenye madeni huhongeka kwa wepesi. Nakubali. Lakini hatari hiyo inatoka kwa deni lililofichwa. Deni la muflisi limeandikwa, limesomwa mahakamani, msimamizi analijua senti kwa senti. Ninayemwogopa mimi ni mgombea aliyeuza kiwanja, akakopa kwa matajiri watatu wasiotajwa, akaendesha kampeni ya kugawa leso na unga, akaingia kaunti akiwa na hesabu ya kurudisha. Huyo hana amri yoyote juu yake. Tangu 2003 sheria imewataka watumishi wa umma watangaze mapato, mali na madeni yao, lakini matangazo hayo mpiga kura wa Jomvu hayaoni kwa wepesi. Yangefunguliwa, tungelindwa zaidi kuliko tunavyolindwa na Ibara ya 99(2)(f).

Marekebisho ninayoyapendekeza ni mafupi. Neno "muflisi ambaye hajaachiliwa" libadilishwe liwe mtu ambaye mahakama imemkuta na udanganyifu au uficho wa mali katika kufilisika kwake. Sifa za wagombea hazimo katika orodha ya Ibara ya 255 ya mambo yanayolazimu kura ya maoni, kwa hiyo Bunge linaweza kulifanya kwa njia ya Ibara ya 256: siku 90 za kusubiri baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza, kisha thuluthi mbili ya wajumbe katika kila jumba. Wabunge wa maeneo yetu 6, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, pamoja na seneta na mwakilishi wa wanawake, waulizwe msimamo wao hadharani kabla ya kuja kuomba kura.

Mpaka hapo, kwa yeyote aliye hapa aliyewahi kufilisika na ana nia ya 2027: nendeni masjala ya Mahakama Kuu ya Mombasa na kwa Mpokezi Rasmi sasa hivi, msingoje mwaka wa uchaguzi. Ulizeni tarehe ambayo taarifa yenu ilipokelewa, na muone muhuri wake kwa macho. Ulizeni kama kuna pingamizi. Kama mmekwisha achiliwa, chukueni uthibitisho wa maandishi, mtoe nakala zilizoidhinishwa, moja mwachie wakili. Na msome vizuri nambari ya kitambulisho iliyoandikwa pale, kwa maana akina Ali Omar wako wangapi Kisauni, na afisa wa uchaguzi akikuta jina lako kwenye orodha ya waliofilisika, ni nambari hiyo tu itakayomwonyesha kwamba siye wewe.